Miye Nikalinda Chombo

Mhariri, assalaam alaykum. Wiki hii mmetuuliza: “Umewahi kuwaomba wenzio wakukosoe baada ya kazi mliyoifanya pamoja? Ukweli uliupataje?” Nilitaka kupita tu, maana maswali yenu mengi huyajibu wenye biashara na wenye vikundi vya kukopeshana. Lakini hili limenigusa penyewe. Miye ukweli niliutafuta wiki tatu, na niliowauliza ni watu watano tu, tunaokaa barza moja hapa Chake Chake.

Kazi yenyewe ilikuwa mchezo. Msicheke. Ni ile michezo ya kuigiza wahusika mezani, aina ya Dungeons & Dragons, iliyotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja huwa msimulizi: anaeleza mahali, anawasemea maadui na wapita njia. Waliobaki kila mtu na mhusika wake, anasema anafanya nini, na jambo likiwa la shaka, dadu yenye nyuso 20 ndiyo huamua. Hakuna mshindi, na hadithi moja huenda miezi. Wenyewe huiita kampeni, lakini neno hilo kwetu lina mambo yake kila baada ya miaka mitano. Siye tukasema safari.

Safari yetu ilikwenda miezi tisa, vikao 31, siku za Jumamosi baada ya isha. Dadu ilipotea kikao cha nne (nawashuku kuku). Nikachukua komwe 20 za bao, nikaziandika namba kwa kalamu ya wino mzito, tukawa tunatia mkono kwenye kopo la maziwa, unachomoa moja, ukishaisoma unairudisha. Bahati ni ile ile, moja katika 20. Hisabati ndiyo somo ninalosomesha. Ila komwe namba 17 ilikuwa na ufa, na fundi cherehani wetu alikuwa akiipapasa kwa kidole. Hilo nalo nimelijua baada ya safari kwisha.

Hadithi niliiweka hapa hapa Pemba, enzi ya Mkama Ndume, yule mtawala wa Pujini ambaye magofu ya ngome yake ya karne ya 15 bado yapo, na ambaye wazee husimulia kwamba aliwabebesha watu mawe huku wakisota kwa matako. Adui gani tena wa kutafuta? Mwisho wa safari ulikuwa kuivamia ngome. Niliuandaa wiki mbili, ramani kwenye karatasi za manila, walinzi 40, kila mmoja na zamu yake. Vita vikachukua Jumamosi mbili. Mkama Ndume akaanguka, tukala haluwa, nikauliza: “Haya jamani, mmeionaje?”

“Nzuri mno, Mwalimu.” “Mashallah.” “Mungu akuzidishie.”

Aliyeanza kujibu ni fundi cherehani, mkubwa wetu kwa umri, na waliofuata wakapita mle mle. Mkubwa akishasema, mdogo atasema nini? Halafu haluwa yenyewe nimeinunua miye. Nani atakukosoa na utamu wako uko mdomoni mwake?

Mwalimu ni mwalimu. Jumamosi iliyofuata nikaja na karatasi: maswali kumi, alama 1 mpaka 5, usiandike jina. Watu watano, miandiko yao yote naijua! Zikarudi zote zina alama 5 tu, kuanzia juu mpaka chini. Ya kijana wa bodaboda ilijazwa kwa mwandiko wa fundi cherehani. Swali la mwisho, “Nini hukukipenda?”, wakaliacha wazi, isipokuwa mmoja aliyeandika “mbu”. Huo ndio ukweli wa kwanza nilioupata.

Wanaoucheza mchezo huu nchi za nje wana desturi zao za kuulizana. Moja ni waridi na mwiba: unataja kilichokupendeza na kilichokuchoma. Hiyo sikuithubutu, barzani kwetu mtu akikutolea mwiba mbele za watu kuna kesi. Nyingine ni nyota na matamanio. Nyota ni jambo lililokung'aria, tamanio ni lile ambalo ungependa kuliona mbele ya safari. Hii inatufaa, kwa sababu kutamani si kulaumu. Mtu anaweza kukutamkia tamanio na bado akakupa mkono wa kwaheri vizuri.

Nikaanza na mdogo kuliko wote, mpwa wangu wa kike, aliyekuwa akija pamoja na kaka yake. Nyota akaitoa haraka. Tamanio akalitafuta kwenye mkeka, akasema: “Natamani tuwe tunamaliza mapema kidogo, mjomba.” Nikajibu inshallah, nikijua ni usingizi. Usiku ule ikaingia sauti yake ya WhatsApp, dakika saba. Mama yao, yaani dada yangu wa tumbo moja, hukaa macho mpaka warudi afunge mlango, na saa kumi za alfajiri anawasha moto wa mikate ya ufuta ya kuuza. Jumamosi zote 31 tulikuwa tukiachana saa sita. Nami nikijiona nawafanyia watoto wa dada yangu jambo la maana!

Nikamwandikia mpwa wangu: mbona hukuniambia tokea mwezi wa kwanza? Akajibu: “Ungeniuliza mwezi wa kwanza.”

Sikuwa na la kusema. Wajuzi wa mchezo hukaa kikao kizima kabla hata hadithi haijaanza, wakapatana muda, mipaka, na mambo ambayo mtu hataki yaguswe. Wanakiita kikao sifuri. Siye tulimvamia Mkama Ndume moja kwa moja.

Lakini kilichofungua mlango khasa sikukipanga. Jumamosi ya tatu umeme ulikatika. Tumekaa na mshumaa na birika la kahawa, akaja kijana wa jirani, akauliza hiyo safari yenu iliyokwisha ilikuwaje. Nikanyamaza makusudi. Fundi cherehani akaita “Paukwa!”, wenzake wakaitika “Pakawa!”, wakaanza kuisimulia kwa kupokezana.

Kuna kisima kule Pujini. Wazee husimulia kwamba Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasiotazamana, akajenga ukuta katikati ili wasionane wakichota maji. Mimi nilikitia mchezoni kama kipambo, dakika kumi, wachukue maji wapite. Fundi cherehani akajigeuza mpeleka salamu, anamdanganya mke wa upande huu, anaruka kumdanganya wa upande ule. Usiku ule wamelisimulia tukio hilo robo saa nzima, huyu kwa sauti ya mke mkubwa, yule kwa sauti ya mdogo, mpaka jirani ana machozi. Kisha wakafika ngomeni, kwenye ramani zangu za manila na walinzi wangu 40: “Basi tukaingia, tukapigana, tukashinda.”

Kwisha. Wiki mbili zangu hizo.

Kijana wa bodaboda akaongeza, “Vita vile virefu, Mwalimu. Miye nilikuwa nahesabu komwe tu.” Nami, badala ya kunyamaza, nikaanza kueleza kwamba zile zamu za walinzi zilikuwa na maana yake, na laiti wangepita upande wa mtaro wangeona. Watu wakainamia vikombe. Aliyekuwa amefunguka akafunga, na ilibidi fundi aanze upya kwa mzaha ndipo mazungumzo yakarudi. Tokea siku hiyo nikiuliza nashika kikombe. Mdomo ukitaka kujitetea, nanywa.

Ikafika zamu ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayetoka Wawi. Mhusika wake alikuwa mvuvi mwenye chombo kilichowavusha wenzake.

“Basi tukafika pwani,” akasema, “wenzangu wakashuka, miye nikalinda chombo.”

Watu wakacheka.

“Wakaenda kwa mganga, miye nikalinda chombo. Wakaenda kisimani kwa wake wawili, miye...”

“Nikalinda chombo!” wakaitikia wote.

“Na vitani?” akauliza yule jirani.

“Vita nilivisikia kelele tu.”

Yeye mwenyewe alikuwa akicheka, tena kwa sauti. Miye nikahesabu gizani. Wenzake walimwachia chombo kikao cha tisa. Kikao cha tisa mpaka cha 31 ni vikao 22 baada yake, na sikumrudisha hadithini hata mara moja ya maana. Chombo kinataka mlinzi, nikaona ni akili. Mtu mzima anatoka kwake na tochi, anakaa saa nne, anatia mkono koponi mara moja, pengine hautii kabisa, anarudi. Na kwenye karatasi yangu alijaza tano, tano, tano.

Sikumgusa pale mbele za watu. Ijumaa iliyofuata, tukitoka msikitini, nikamwomba radhi, naye akasema alilotakiwa kusema: ah, shemeji, mchezo tu ule. Ningeishia hapo ningerudi na adabu yake mkononi na ukweli wake ungebaki naye. Nikamwuliza hivi: “Kikao gani ulikuwa na neno la kusema hukulisema?”

Hakufikiri hata kidogo. “Cha kisimani.”

Kumbe alikuwa na mpango. Kuna mahali pwani, akasema, maji ya bahari yakishatoka yanabubujika maji baridi mchangani, wavuvi huyajua, unafukua kwa mkono unakunywa. Mhusika wake ni mvuvi, angewaonesha. Hakukuwa na haja ya kisima, wala ukuta, wala wake wawili.

“Sasa mbona hukusema?”

“Nilikuwa chomboni, shemeji. Nani angenisikia?”

Basi Mhariri, jibu langu ndilo hilo, uulize kikao gani na neno gani, usiulize “mmeionaje”. Sasa tunaulizana kila baada ya vikao vinne, mdogo ndiye anaanza, na fundi cherehani anasema mwisho, jambo ambalo halipendi. Saa nne usiku tunaachana hata joka likiwa limeshafungua kinywa. Wala siachi siku zikapita, maana karafuu zikishaanza kuchumwa huna utakayemkuta barzani. Komwe namba 17 nimeibadilisha.

Safari mpya inaanza Jumamosi hii, inshallah. Juzi walikuja kunitajia wahusika wao, nami naandika. Shemeji alingoja mpaka wote wamalize, akavuta mkeka karibu, akasema: “Andika vizuri, Mwalimu. Mtu wa shamba. Hajui kuogelea, hajui kupiga kasia, na ngalawa akiiona anatapika.”