Leso Haikukutaja Jina

Waleikum salaam, mwanangu wa Langoni, Lamu.

Barua yako ni ndefu, nitawafupishia wasomaji. Wewe na wifi yako wa Shela mlivutana kuhusu mchango wa harusi. Kesho yake usiku akaweka stetasi ya WhatsApp: picha ya leso iliyoandikwa "Hasidi hana sababu". Ukajiona hasidi ni wewe. Ilipofika saa tano ukarekodi sauti ya dakika nne, ukaitupa kwenye gurupu la familia, na humo humo ukaitaja dhahabu yake aliyoiweka rehani kwa siri. Kumbe picha iliyofuata ilikuwa na bei. Wifi huuza leso, jambo unalolijua miaka yote, ila usiku ule lilikutoka. Sasa mume kanuna, mavyaa haitikii salamu yako, nawe waniuliza: "Bi Somo, mbaya ni mimi au ni simu?"

Ni wewe, mwanangu. Lakini simu ilikushika mkono.

Fumbo sisi wanawake wa pwani hatukulianzia kwenye stetasi. Bibi zetu walilivaa kiunoni na kichwani, na aliyechomwa alichomeka. Tofauti ni kwamba leso ilikuwa na mwenyewe ndani yake. Ulimwona akipita kichochoroni, ukamtazama usoni kama anakucheka au anakwenda zake kununua samaki. Na ukitaka kumjibu, ilibidi utafute leso yenye jibu, usiku duka limefungwa, na ikifika siku ya tatu hasira imepoa na pesa umenunulia unga. Stetasi haina uso, na duka lake halifungwi. Imekukuta kitandani, gizani, peke yako. Sura ya wifi umeichora mwenyewe, ukaichora inacheka.

Kuna mstari umeupitisha kama jambo dogo: kwamba tangu Isha ulikuwa "unapitisha muda tu" ukitazama harusi za watu na nyumba zao za Dubai. Mimi hapo ndipo niliposimama. Leon Festinger, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1954 kwamba mtu akikosa kipimo cha kujipimia, hujipima kwa wenziwe. Zama hizo wenziwe walikuwa jirani na binamu, watu ambao hata madeni yao unayajua. Wewe umejipima saa tatu nzima kwa watu usiowajua, kila mmoja kachagua saa yake nzuri kuliko zote. Leso ilipotokea, hukumu ilikwisha kuandikwa moyoni. Ilibaki kupatikana mshtakiwa.

Tena si lazima uwe na ugomvi na mtu ndipo moyo upinduke. Mwezi wa Januari 2012, Facebook ilifanya jaribio la wiki moja kwa watu karibu 690,000 bila kuwaeleza: wengine walipunguziwa maneno ya furaha katika waliyokuwa wakiyaona, wengine ya huzuni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Waliopunguziwa furaha, nao maneno ya furaha yaliwapungua katika waliyoyaandika. Athari ilikuwa ndogo sana, sikutishi. Ila wale hawakuwa na kidonda kibichi cha mchango wa harusi.

Kwa nini hukuiweka simu chini? Muulize mvuvi wa mshipi. Samaki angeuma kila saa, au asiume kabisa, mvuvi angekwenda zake nyumbani. Humuweka pale kule kuuma mara moja moja. (Nami usinione mtakatifu, juzi wali umeniungulia nikisubiri picha za harusi ya watu baki.)

Sikwambii uitupe simu baharini, mumeo atakutumia vipi pesa za matumizi? Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 2018 kiliwajaribu wanafunzi 143. Waliotumia Facebook, Instagram na Snapchat dakika kumi kwa siku kila moja, kwa wiki tatu, upweke na huzuni viliwapungua kuliko wenzao walioendelea kama kawaida. Wewe anza na hili: baada ya Isha simu ilale jikoni. Na ukirekodi sauti ukiwa na hasira, usiitume kabla hujalala ukaamka.

Sasa wifi. Najua unalotaka kuniuliza: na kama kweli fumbo lile lilikuwa langu? Basi lilikuwa lako. Yeye alisema hasidi, jina hakutaja. Wewe umetaja jina lake na dhahabu yake, mbele ya wakwe na watoto. Hayapimwi kwa mizani moja.

Nenda Shela mwenyewe. Ni kama kilomita tatu kufuata pwani, nenda kwa miguu baada ya Alasiri, maji yakiwa yametoka. Simu iache nyumbani. Ukifika usianze na "nisamehe kama nimekukosea", hiyo "kama" itakurudisha mlangoni. Habari za harusi za watu, Dubai na Bi Somo usimpe, huko ni kujitetea. Sema la dhahabu kwanza, kwa sababu ndilo litakalomuuma zaidi, kisha unyamaze umsikilize, hata akilia, hata akikutusi. Akiridhia, ndipo uombe radhi kwenye gurupu, kwa maneno mawili matatu, maana aibu ulimfanyia humo. Mavyaa atafuata, mume pia.

Na kama lile doti bado lipo, linunue. Usiombe upunguziwe bei.