Elimu ya Mzazi na Akili ya Mtoto

SWALI: Niliishia darasa la saba, na mwanangu wa miaka 3 hushinda nami gengeni. Je, elimu yangu ndogo itamdumaza akili? Mama, Morogoro.

JIBU: La, dada. Ni kweli kwamba watoto wa waliosoma zaidi, kwa wastani, hufanya vizuri katika majaribio ya akili, lakini sehemu ya tofauti hiyo hutokana na kipato, lishe na vinasaba vya kurithi, wala si cheti chenyewe. Norway ilipoongeza elimu ya lazima kutoka miaka 7 hadi 9, watafiti walikuta kwamba watoto wa wazazi walionufaika hawakusoma zaidi kwa kiasi kikubwa. Basi la muhimu ni kuzungumza naye: unapopanga mafungu ya nyanya, mwulize ni ngapi, umsubiri ajibu, kisha uendeleze alichosema, hata akikosea.