Cukier na sukari: nani kamkopa nani?

SWALI: Nafanya kazi melini na baharia kutoka Poland. Kwao sukari ni "cukier", na hiyo c wanaitamka "ts". Anashikilia kwamba sisi Waswahili tulilitoa neno letu kwa Wazungu. Ni kweli? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Si kweli, ingawa maneno hayo ni ndugu wa damu.

Letu tumelitwaa kwa Waarabu, "sukkar". Kiswahili hakipendi neno liishie na konsonanti, basi tukabandika i mwishoni, kk ikawa k moja, na mkazo ukahamia kwenye "ka". Lao limezunguka. Waarabu walipoitawala Sicily, kisiwa ambacho leo ni cha Italia, walipanda miwa huko. Waitaliano wakasema "zucchero", Wajerumani wakalipokea na kulifanya "Zucker", kisha likavuka kwa majirani zao wa Poland. Ushahidi ni ile "ts" ya mwanzo: Kiarabu hakina, nasi hatuna, imeingia njiani, huko Ulaya. Hata Wareno, Wazungu wa kwanza kutia nanga pwani yetu, husema "açúcar", na hiyo a ni mabaki ya "al-" ya Kiarabu. Tungekopa kwao, huenda leo tungekuwa na "asukari".

Waarabu nao walilipata kwa Waajemi, "shakar", na chimbuko ni India. Katika Kisanskriti, "sharkara" ni changarawe, vijiwe vidogo vidogo. Mimina sukari ya kahawia kiganjani, uisugue kwa kidole gumba, utaelewa.

Ila neno na kitu havikusafiri pamoja. Mmea wenyewe sisi tuna jina lake, muwa, lisilotokana na sukari. Wao huuita "trzcina cukrowa", yaani tete la sukari, na hata hivyo muwa haustahimili baridi yao. Sukari yao hutoka kwenye mzizi mweupe wa jamii ya bitiruti. Kiwanda cha kwanza duniani cha sukari hiyo kilianza kazi mwaka 1802 huko Silesia, katika kijiji ambacho leo ni Konary, Poland. Wakati huo kilikuwa chini ya Prussia, dola ya Wajerumani.

Mkikutana tena, mwulize ugonjwa wa kisukari kwao unaitwaje. Atakujibu "cukrzyca": shina ni lile lile la cukier, wao wakaongeza kiambishi tamati pale ambapo sisi tulitanguliza ki-.