Mdogo wangu yuko Butimba: anaweza kupewa huduma kwa jamii?

SWALI: Mdogo wangu amefungwa mwaka mmoja na nusu kwa wizi wa nyavu. Yuko gereza la Butimba. Huwa nawaona wafungwa wakifyeka barabarani na askari; hiyo ndiyo huduma kwa jamii? Kuna mtu anataka laki tatu ili amuombee. – Dada mtu, Igombe

JIBU: Pole sana dada yangu. Hiyo laki tatu usitoe. Huduma kwa jamii hailipiwi, na anayeitolea amri ni hakimu, si mtu wa kati.

Wale unaowaona na askari bado wako kifungoni, jioni wanarudi gerezani. Huduma kwa jamii ni adhabu nyingine, chini ya sheria ya mwaka 2002: mtu analala kwake, anafanya kazi bila malipo kwenye taasisi ya umma, akisimamiwa na afisa probesheni, yaani ofisa wa serikali anayesimamia wanaotumikia adhabu nje ya gereza. Inawahusu wenye kifungo kisichozidi miaka 3, na lazima mwenyewe aridhie.

Kuwa ndani tayari si kikwazo. Mwaka 2016 mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona walitolewa gereza la Ukonga, Dar es Salaam, kwa utaratibu huu huu, baada ya gereza kuiandikia mahakama. Wakapangiwa usafi hospitali ya Sinza Palestina, saa 4 kwa siku.

Kazi kubwa iko kwenye taarifa ya uchunguzi wa kijamii, ile ambayo afisa probesheni humwandikia hakimu kabla hajaamua. Afisa atafika hapo Igombe kuona kijana atalala wapi na nani atamwangalia, na atamsikiliza mwenyekiti wa mtaa na mwenye nyavu. Familia nyingi huponzwa hapa: huyu anasema kijana anaishi kwa mjomba, yule anasema kwa bibi, na afisa anaandika yote mawili. Kaeni kwanza, mseme ukweli mmoja. Kama mmeshamlipa mwenye nyavu, muwe na maandishi yaliyopita kwa mtendaji.

Akikubaliwa, saa zinazobaki ni zake, anaweza kutafuta riziki. Ila kambi za dagaa visiwani asahau kwa sasa, maana mahudhurio yanaandikwa. Akitoroka, anaripotiwa mahakamani na anaweza kurudishwa kumalizia kifungo.

Anza kwa kumuona ofisa wa gereza siku ya kutembelea, kisha nenda ofisi ya probesheni na namba ya kesi na nakala ya hukumu.