Usiliuze Tangi Lako kwa Sababu ya Mwani

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Nimesugua mawe ya tangi langu la maji ya chumvi hadi vidole vimechubuka. Wiki mbili tu, mwani umerudi. Naliuza." Nikausoma ujumbe mara mbili, maana maneno hayo niliwahi kuyasema mimi.

Tangi langu la kufugia viumbe wa baharini ni la lita 60. Mwani uliponivamia mara ya kwanza niliung'oa kwa mswaki. Mara ya pili nikapunguza muda wa taa kutoka saa 12 kwa siku hadi 8, nikaongeza konokono wanaokula mwani. Ukapungua, nami nikatamba kwa wenzangu. Mara ya tatu ulikuja mrefu kama nywele, ukalifunika tumbawe nililolilea tangu likiwa kipande cha ukubwa wa ukucha. Kwa hasira nikamwaga dawa ya kuua mwani, tena zaidi ya kipimo. Ulikufa kweli, lakini ulipoanza kuoza ukamaliza hewa ya majini. Alfajiri nilikuta konokono sita wamelala chali mchangani, na tumbawe limebaki mfupa mweupe. Mpaka leo naumia.

Muda wote huo kipimo cha fosfati, kirutubisho kinachootesha mwani, kilionyesha sifuri. Aliyeniuzia samaki akasema maji ni safi, nivumilie. Hakuniambia kwamba mwani huila fosfati kabla kipimo hakijaiona. Tangi limejaa mwani na kipimo kinasema sifuri? Usikiamini.

Jibu lilikuwa kwenye ndoo. Kila siku nilijazia kama lita moja ya maji ya bomba kufidia yanayopaa kwa mvuke. Piga hesabu: siku 60, lita 60, yaani tangi zima. Maji hupaa yenyewe tu. Fosfati, silika na vyote vilivyoyeyuka humo hubaki vikirundikana.

Sasa najazia maji yaliyosukumwa kwenye chujio la osmosisi, lenye utando unaozuia madini mengi, kisha kwenye chujio la pili linalonasa yaliyobaki, na kabla ya kuyamimina nahakikisha kipimo cha madini kinasoma sifuri. Kila wiki nabadilisha asilimia 10 ya maji ya tangi, na chakula kilichogandishwa nakisuuza kwanza. Lakini usihangaike kufikisha fosfati na naitreti, kirutubisho kingine cha mwani, kwenye sifuri ndani ya tangi lenyewe, matumbawe nayo yanazihitaji.

Na jamani, tuwe na subira! Mawe yaliyonyonya fosfati kwa miezi huiachia polepole, kwa hiyo mwani utaendelea kuota hata baada ya kubadilisha maji. Ung'oe kwa mkono, uutoe nje, kesho tena. Tunaofuga viumbe wa baharini hatuna haki ya kuwamwagia dawa kwa sababu sisi tumechoka. Mwani wangu ulichukua miezi minne kuisha.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujamwita mnunuzi, niandikie tena: unajazia maji gani?