Jibu: Koti la kuwinda bata linalopitisha maji

Ndugu, umeuliza kwa nini koti unalowashonea wawindaji wa bata linavuja ilhali kitambaa chenyewe hakipitishi maji. Kagua mishono kwanza. Kila tundu la sindano ni njia ya maji, kwa hiyo izibe yote kwa ndani kwa utepe unaogandishwa kwa joto.

Halafu mikono ya koti. Mwindaji huchovya mikono majini akipanga bata bandia (sanamu za kuwavutia bata halisi), basi mwishoni weka ukanda wa mpira laini unaobana kifundo cha mkono. Kwapani pawe papana, asivutwe anapolenga. Mshono wa bega, tafadhali, usikae pale kitako cha bunduki kinapoegemea. Hapo husuguliwa mno.

Kitambaa kising'ae, bata wanaona mbali. Bitana ya pamba iache kabisa: ikilowa haihifadhi joto. Sufu ni bora.