Unampeleka mama Karlovy Vary? Weka chini kwanza hiyo chupa ya lita moja na nusu

Mkuu, umeandika kwamba mwezi wa saba unampeleka mama Karlovy Vary, ule mji wa chemchemi za maji moto yenye madini kule Ucheki, kwa siku tatu, kwamba ana gesi na presha, na kwamba asubuhi ya kwanza mnataka "kuonja chemchemi zote" huku mkijaza chupa. Futa huo mpango. Maji yale ni dawa, na mgonjwa hayanywi mpaka daktari wa palepale amwambie chemchemi ipi, kiasi gani na saa ngapi. Mengine yote utauliza baadaye.

Na najua umeutoa wapi. Kuna mawakala wanawapa watu ramani ya chemchemi yenye viboksi vya kuweka alama ya vema, ukimaliza vyote eti wewe ndiye mtalii kamili. Usiniulize naijuaje hiyo ramani. Aliyeichora hajawahi kutafuta choo akiwa na haraka, maana angejua kwamba vyoo vingi vya umma kule vinalipiwa, wanataka sarafu za koruna, na wewe mfukoni una noti za euro.

Tuanze na chupa. Vřídlo, ile chemchemi kuu inayorusha maji hadi mita 12 juu, inatoa maji ya nyuzi 72 hivi yenye takribani gramu 6.4 za madini kwa lita. Chupa yako basi inabeba karibu gramu 10. Humo sodiamu ni nyingi, na wewe umesema mwenyewe mama ana presha! Kuna na salfeti, ambayo utumbo hauinyonyi vizuri, kwa hiyo inavuta maji yaingie tumboni. Waliowahi kunyweshwa chumvi ya haluli wanajua kinachofuata.

Halafu kuna mtego ambao ramani haiutaji. Maji ya chemchemi zote yanafanana sana kwa madini. Tofauti kubwa ni joto na gesi ya kaboni. Yaliyopoa yana gesi zaidi na ndiyo yanayosifika kwa kulegeza tumbo, ya moto zaidi hutuliza. Sasa mgeni akifika anaona bomba linafuka mvuke, anaogopa, anakimbilia lililopoa na kuyagugumia kama maji ya dafu. Tena tumbo tupu. Tena vikombe vitatu kwa sababu "hayana ladha mbaya sana". Siku yake imeishia hapo.

Daktari akishaandika, kawaida inakuwa kikombe kidogo kabla ya chakula, asubuhi kabla ya kifungua kinywa ndiyo muhimu zaidi. Nunueni vile vikombe vya kaure ambavyo mkono wake ndio mrija wenyewe. Watu hudhani ni pambo la kuuzia watalii, kumbe kuna sababu: maji yanapita taratibu, yanapoa njiani, na hayaogeshi meno, kwa kuwa madini huyatia rangi. Unafyonza kidogo, unatembea, unafyonza tena. Subirini kama nusu saa ndipo mle. Kikombe kisiguse mdomo wa bomba, chupa ya plastiki iache chumbani, na mama asimezee vidonge vya presha kwa maji hayo.

Wala msiyabebe kwenda nayo nyumbani. Yakikaa, gesi inatoka na madini yanaganda. Tazama yale maua ya waridi ya mawe vibandani: ni ya karatasi, yametumbukizwa kwenye maji hayo mpaka yakavikwa jiwe la kahawia. Chupa yako nayo itaota ukoko kwa ndani.

Uliuliza historia. Mji unahusishwa na Mfalme Karolo IV, aliyeupa haki za mji mwaka 1370. Zamani watu walikuwa wakikaa majini saa nyingi mpaka ngozi inachubuka, wakiamini ugonjwa unatokea hapo. Mwaka 1522 daktari Václav Payer akaandika kwamba maji yanywewe pia, na baadaye watu wakapitiliza, wakawa wanakunywa makumi ya vikombe kwa siku. Karne ya 18 daktari David Becher ndiye aliyepunguza dozi na kuwaamuru watembee. Kwa hiyo huyo wakala anauza kosa lililosahihishwa zaidi ya miaka 200 iliyopita, na anatoza ada. Ile baraza ndefu ya Mlýnská yenye nguzo 124, iliyojengwa 1871 hadi 1881, kazi yake ni hiyohiyo: watu wanywe huku wakitembea bila kunyeshewa. Kwenye mabaraza hayo hakuna kuoga, nguo za kuogelea ni za mabwawa ya hoteli na nyumba za tiba.

Mtu akiwatania mwende "chemchemi ya 13", hiyo ni Becherovka, pombe ya asilimia 38 inayotengenezwa hapo tangu 1807. Wapo watakaomwambia mama inatibu gesi.

Mwezi wa saba kuna tamasha la filamu, vyumba vinajaa na bei zinapanda. Kutoka Praha pandeni basi kituo cha Florenc, ni saa mbili na kitu. Treni inazunguka mbali.

Tiba ya jadi pale ni wiki tatu, siku tatu ni matembezi tu. Kabla hujalipia hoteli waandikie: je, bei ina kumwona daktari siku ya kwanza? Wakikujibu masaji na bwawa bila kutaja daktari, hicho ni kifurushi cha starehe, na mama asinywe kitu. Akimwona daktari, awe na orodha ya dawa zake kwa majina ya kitaalamu, si ya kwenye boksi, pamoja na vipimo vyake vya presha vya wiki mbili za karibuni.